Wilf Thackray na Gari Lisiloguswa

Jirani yangu Wilf Thackray hakupenda kitu kipya chochote isipokuwa viazi. Viazi vipya vya mwezi wa sita alivila. Vitu vingine vyote, kuanzia birika la umeme mpaka kasisi mwanamke, aliviulizia swali lile lile: "Cha zamani kilikuwa na kasoro gani?" Nimeishi naye ukuta kwa ukuta hapa Skelbeck tangu sote wawili tulipokuwa na meno yetu wenyewe, na swali hilo nimelisikia hata kupitia mawe ya ukuta.

Gari lake lilikuwa dogo, jeusi, la mwaka wa hamsini na nane, na alilipa jina la Mabel. Wilf alikuwa mwenyekiti wa chama cha magari ya kale cha bonde letu. Kila mwezi wa saba, kwenye maonyesho ya kijiji, alichukua kombe la gari lisiloguswa, yaani gari ambalo kila kilichomo ni kile kile lililotoka nacho kiwandani. Waamuzi wote walikuwa wakinywa bia pamoja naye. Simsingizii mtu. Nasema tu walikuwa wakinywa na nani.

Mabel alikuwa na kasoro moja. Hakupenda unyevu, na hapa kwetu Yorkshire unyevu ndio hali ya hewa. Ndani ya distributa, kile chombo kinachogawia plagi umeme, mna platini, vile vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate cheche. Vikichakaa kidogo, halafu ukungu ukaingia, cheche inakuwa dhaifu kama chai ya hospitali. Basi asubuhi za ukungu Wilf alikuwa akifungua kifuniko cha distributa, anazunguka ukuta, ananiletea jikoni.

"Hilda, oveni ina moto?"

"Ina pai."

"Pai haitajali. Kiweke pembeni."

Nikawa nakioka kifuniko cha gari kama andazi, mpaka kikauke. Pai zangu zilinukia gereji miaka yote hiyo, wala hakuna aliyelalamika ila marehemu mume wangu, na huyo alilalamikia hata mito ya kulalia.

Balaa liliingia chamani na Norman Illingworth, fundi redio mstaafu. Norman aling'oa platini kwenye gari lake akaweka kidude cha kielektroniki, kidogo kama kisanduku cha kiberiti, kinachokaa chini ya kifuniko kile kile bila kuonekana na mtu. Hilo lingepita. Kosa lake ni kwamba alisema. Wilf akasimama kwenye mkutano, uso umemwiva kama nyanya.

"Leo platini, kesho kiyoyozi! Keshokutwa gari litakuwa linatuamuru tupinde kushoto!"

"Lakini linawaka, Wilf," akasema Norman. "Ndiyo kazi ya gari."

"Kazi ya gari ni kubaki gari lile lile!"

Wakampigia makofi. Ikaamuliwa magari ya namna hiyo yawe na kundi lake kwenye maonyesho, wakaliita Yaliyochezewa, wakalipa nafasi nyuma ya hema la nguruwe. Norman akawa mshindi kila mwaka, maana alikuwa peke yake.

Sasa, Wilf alikuwa na wajukuu wawili wa kike, watoto wa mwanawe aliyefariki. Mkubwa, Rowena, alipoolewa, Wilf ndiye aliyempeleka kanisani na Mabel, au niseme alimfikisha darajani. Toka hapo bibi harusi alipelekwa na gari la muuza samaki. Picha zipo. Ukitazama vizuri nyuma ya shela, unaona kaa mwekundu amechorwa mlangoni.

Ikafika zamu ya mdogo, Bryony. Huyo, Wilf alimlea tangu akiwa wa kubebwa, na kumpeleka kanisani kwa mkono wake mwenyewe ndilo jambo pekee lililokuwa limebaki analolitaka duniani. Msichana akaja mwezi wa tatu, harusi ikiwa ya mwezi wa nne, akakaa jikoni kwa babu yake, nami nipo nimewapelekea keki.

"Babu, nakupenda sana. Lakini kwenye samaki sipandi."

"Mabel ni mzima."

"Mzima siku ya jua. Tufanye hivi. Nimeagiza gari jeupe la kukodi mjini. Mabel akigoma hata mara moja kati ya leo na siku yenyewe, naenda na jeupe, na wewe utakaa nami nyuma kama abiria."

"Abiria," akasema Wilf, kama mtu aliyeitwa marehemu.

Mvua ikaanza wiki ile ile. Oveni yangu ilikuwa tayari, kifuniko hakikuja. Kesho yake mvua tena, kifuniko hakikuja. Nikajua pana jambo. Nikapanda juu ya ndoo nikachungulia upande wa pili wa ukuta wa uani. Wilf alikuwa bandani, boneti iko juu, na harufu ya plastiki inayoungua ilinipiga puani.

"Wilf! Unapika nini?"

"Sipiki kitu. Rudi kwako."

"Umeweka kidude cha Norman."

"Nyamaza, Hilda."

"Na umekiunguza."

"Nimesema nyamaza!"

Niwaeleze alivyokiunguza. Magari ya siku hizi, upande wa hasi wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Yetu ya zamani yalifungwa upande wa chanya, na hapa bondeni mwanaume anajua hilo kabla hajajua kunyoa ndevu. Vidude basi vinauzwa vya namna mbili. Wilf aliona haya kumtaja Mabel kwa muuzaji, akasema ni cha rafiki yake mwenye gari la juzi juzi. Akauziwa cha gari la juzi juzi. Kufika nyumbani akakifunga kama mikono yake ilivyozoea maisha yote. Kidude kikafa kabla hakijafanya kazi.

Angeweza kurudisha platini na kuomba jua. Lakini mwezi wa nne kwetu hauombeki. Kilichobaki ni mtu mmoja tu anayejua mambo hayo, na Wilf akavaa tai kwenda kwake. Niliyosikia juu ya ziara hiyo nimeyapata kwa Norman, nikayapata tena kwa Wilf, na maneno yao yalifanana, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Norman, nina rafiki yangu mmoja..."

"Ingia, Wilf. Rafiki yako analowa."

Norman akaleta kidude kinachofaa, akakifunga mwenyewe. Mabel akawaka kwa mguso wa kwanza, katikati ya mvua. Wilf akamuuliza anataka nini ili asimwambie mtu.

"Sitaki kitu," akasema Norman.

Hilo ndilo lililomnyima Wilf usingizi. Angeombwa kombe lake, angelala fofofo.

Halafu likatokea tatizo ambalo hakulitarajia. Mabel alikuwa anawaka vizuri mno. Wanachama walimjua gari yule, kwamba lazima alie, akohoe, abembelezwe. Wilf akabuni ujanja. Katika magari yale ufunguo ni kitu kimoja na stata ni kingine. Ufunguo unaruhusu umeme uende kwenye plagi. Stata unaivuta kwa kitasa chake, nayo inazungusha injini. Basi mbele za watu Wilf alivuta kitasa bila kuwasha ufunguo. Mabel akawa analia bure, bure, huku Wilf akipapasa usukani, "Taratibu, mama, taratibu," kisha kimyakimya anazungusha ufunguo, na injini inaitikia. Watu wakatikisa vichwa: lione, gari la kweli lina moyo!

Bryony hakuona Mabel akigoma hata mara moja. Siku moja kabla ya harusi akafuta lile gari jeupe.

Siku yenyewe manyunyu yalikuwa yanashuka. Chama kizima kilijipanga mbele ya lango la Wilf, wamevaa tai, Norman miongoni mwao, mikono mifukoni. Muuza samaki naye alikuwepo na gari lake, kwa kuwa alialikwa. Bryony akaingia nyuma na shela lake lote. Wilf akavuta kitasa.

"Mbembeleze, Wilf!" wakapiga kelele.

Akavuta tena.

"Mwambie unampenda!"

Watu walikuwa wanacheka, mmoja anapiga picha za video, na Wilf alikuwa hajawahi kupendwa hivyo tangu azaliwe. Akavuta tena na tena, kwa ajili ya video. Kisha akawasha ufunguo, akavuta kwa kweli. Mabel akatoa sauti kama paka aliyekanyagwa, akanyamaza.

Betri ilikuwa imeisha nguvu. Platini zingepata cheche hata betri ikiwa inakata roho, lakini kidude kinataka umeme kamili, na stata inapozunguka inauchukua wote. Nimeelezwa hivyo na Norman, baadaye.

Katika kimya kile Bryony akauliza, na dirisha lilikuwa wazi:

"Babu, mbona mwanzo ulikuwa unavuta na ufunguo umezimwa?"

Nguo zote za harusi zikageuka kumtazama. Muuza samaki akatoa funguo zake mfukoni, kwa wema tu.

"Babu," akasema Bryony polepole, "namwona kaa."

Wilf angeweza kusema betri imezeeka, na wote wangeamini, na mjukuu wake angeenda na samaki. Akamtazama Norman. Norman alikuwa anatazama mawingu kama mtu aliyelipwa kuyahesabu.

"Norman!" Wilf akaita, kwa sauti ya mkutanoni. "Nikimzungusha kwa mkono, kidude chako kitakubali?"

"Changu kiko kwenye gari langu," akasema Norman. "Hicho ni chako." Halafu akavua koti lake jipya, akampa mweka hazina wa chama, ambaye mdomo wake ulikuwa bado wazi. "Lakini ndiyo. Stata ikikaa kimya, umeme uliobaki utamtosha. Lete chuma."

Akakichomeka kile chuma cha kuzungushia injini puani mwa Mabel, akazungusha mara moja tu. Mabel akaitikia kama hakuna kilichotokea. Wilf akamfikisha mjukuu wake kanisani akiwa ameshika usukani, uso mbele, tai imekaza, na darajani hakupunguza mwendo.

Mwezi wa saba hakungoja kuambiwa. Alimpeleka Mabel mwenyewe nyuma ya hema la nguruwe. Kundi la Yaliyochezewa likawa na magari mawili kwa mara ya kwanza, na Wilf akawa wa pili.

Jioni akaja jikoni kwangu, akakaa, hana kifuniko mkononi.

"Umeona uonevu ule, Hilda?"

"Uonevu gani tena?"

"Wale waamuzi," akasema Wilf. "Wanakunywa na Norman."