Wimbo wa Babu Yako Redioni

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyoisikia sauti ya baba yangu ikitoka kwenye redio ya kinyozi.

Nakuita mwanangu ingawa nina miaka kumi na saba. Mimi ni shangazi yako, na shangazi ni mzee wako hata kama bado anavaa sketi ya shule. Mbele za watu siwezi kusema, midomo inanikauka. Kwa hiyo nakuandikia, wewe ambaye hujamaliza hata mwezi duniani. Ukija kujua kusoma, utayakuta haya.

Nilikuwa kidato cha pili, natoka shule, napita Bangwe, hapa Kigoma, kwenda nyumbani. Mwaka huo wakimbizi wapya kutoka Burundi walikuwa wakishuka ziwani kila siku, na mabasi yakiwapeleka kambini na magodoro yao na kuku wao. Kinyozi alikuwa amefungulia redio mpaka mwisho. Ukaanza mdundo kama wa nyimbo za kaka yangu, yaani baba yako, ule wa kuchezesha mabega, halafu akaingia mzee anaimba Kirundi. Ilikuwa sauti ya Babu yako, ile ile anayoombea chakula. Mtangazaji akasema, "Huyo ni baba mzazi wa staa wetu wa Kigoma, jamani, kumbe kipaji ni cha ukoo," na akamtaja baba yako kwa jina lake la kisanii.

Nilisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Baba yangu ni muuza mawese. Hakuwahi kuimba mbele za watu, hata kwaya. Kanisani hukaa benchi la nyuma amefumba macho.

Na maneno yenyewe ndiyo yaliyonimaliza. Kiha cha mama yangu na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo mji mzima ulielewa. "Hora, hora, mla maganda," yaani nyamaza, nyamaza. "Nani kakuliza, mla maganda ya viazi? Baba anarudi na kiazi cha pili." Wimbo wa kubembelezea mtoto, umewekwa juu ya mdundo wa disko.

Kabla wiki haijaisha, shule nzima ilikuwa inanisalimia, "Shikamoo, mla maganda." Mvulana mmoja aliyaleta maganda yenyewe kwenye karatasi, akayaweka juu ya dawati langu. "Chakula cha mastaa hicho," akasema. Niliyafunga nikayapeleka jalalani.

Nyumbani nilimuuliza Mama. "Muulize mwenyewe," akasema, na uso wake ulionyesha kwamba naye alishauliza akachoka. Nikamuuliza Baba. Alikuwa anajaza mawese kwenye chupa za kupeleka Mwandiga.

"Ni mimi," akasema. "Hebu nishikie hiyo chupa."

Basi.

Jumamosi baba yako akaja na ndege. Kwa kawaida akija, watoto wa mtaa hujaa uani. Siku hiyo alifunga mlango, na hakuketi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Baba, huko Dar wananicheka. Wanasema nimeishiwa, natumia mpaka baba yangu kutafuta kiki. Wengine wanauliza kama mimi ni mkimbizi. Kila mahojiano nimesema mimi ni Muha wa Mwandiga."

"Mama yako ni Muha wa Mwandiga," Babu yako akasema. "Hujadanganya. Umesema nusu."

"Kama ni hela, ungeniambia."

"Hela unaleta. Sina malalamiko."

"Sasa ulitaka nini? Umaarufu, na umri huo? Mimi nimeshawapigia redioni. Wale watu nawafahamu, nimewaambia wasiupige tena, wamekubali."

Babu yako akaweka kikombe chini. Sijawahi kumwona mtu mzima akibadilika uso vile.

"Lini?"

"Jana."

Babu yako akasema, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia:

"Una dada. Si huyu. Mkubwa kwako."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Ule mwiko ulibaki hewani.

"Anaitwa Inamahoro," akaendelea. "Mama yake alikufa vitani, kabla sijamjua mama yenu. Tulifika ufukweni kutafuta mtumbwi wa kuvukia huku. Watu wamejaa, risasi zinalia nyuma. Nikampandisha yeye kwanza, nikageuka kuchukua mzigo. Mtumbwi ukaondoka naye. Nilipofika Kigoma na mtumbwi mwingine, nilizunguka kambi zote. Hayupo. Mtoto wa miaka minne hajui jina la ukoo wala la kilima alichozaliwa. Wanaotafutia watu ndugu zao waliniuliza, huyo mtoto atakutambuaje?"

"Miaka yote hii," Mama akasema. "Mimi hukuniambia."

"Ningeanza kulia, mama Eliza. Nisingeacha."

Eliza ndiye mimi.

Kwa watu wa Baba, mwanangu, kila mtoto hutungiwa wimbo wake wa kubembelezea, wake peke yake, na mdogo wake haimbiwi huo. Mimi nilikuwa na wangu, baba yako na wake. Huo wa maganda ulikuwa wa Inamahoro, aliyependa maganda ya viazi vya kuchoma kuliko viazi vyenyewe.

"Nikawaona hawa wanaoshuka sasa," Baba akasema. "Wana redio, wana simu. Nikasema pengine alirudishwa Burundi, na sasa naye yumo. Uso wangu atakuwa ameusahau. Wimbo wake hajausahau. Lakini mzee akiimba vya zamani, nani atavipiga redioni? Vijana wanasikiliza mdundo wako, na watangazaji wanapenda jina lako. Nikachukua mdundo, nikachukua jina, nikaupeleka redioni."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Ungeuliza ni wa nini."

Baba yako akamsogelea. "Na sasa kila mtu anaujua. Akija mtu akauimba, tutajuaje ni yeye?"

"Mwisho wake sikuuimba. Mwisho anao yeye."

Baba yako, ambaye uwanja mzima husimama akipanda jukwaani, aliketi sakafuni. Akatoa simu. Akanipa mimi nimtafutie namba.

"Urudisheni ule wimbo," akasema. "Hapana, si kiki. Ni wimbo wa dada yangu. Ndiyo, Mrundi. Baba yangu ni Mrundi, aliingia hapa mkimbizi. Tangazeni hivyo hivyo."

Wimbo ulirudi redioni. Wakaja wanawake, wengine kutoka kambini kabisa. Wengine hawakuwa na baba, nadhani walitamani tu awe wao. Babu yako aliwakaribisha, akawaimbia mpaka pale alipoishia redioni, akasubiri. Hakuna aliyeendelea. Aliwalisha ugali na dagaa, akawasindikiza mpaka stendi.

Ulipozaliwa wewe, baba yako alitaka akuite Inamahoro. Sote tulidhani Babu atafurahi. Alikupakata, akakutazama sana.

"Hapana," akasema. "Hilo lina mwenyewe. Tukimpa huyu, tutakuwa tumemzika yule."

Sasa sikiliza nasaha ya shangazi yako. Mzazi wako akifanya jambo la kukutia aibu, usikimbilie kulizima. Kaa naye umuulize. Akikujibu kwa mkato, endelea kukaa, mshikie chupa zake, muulize tena kesho. Wazee wetu waliovuka ziwa wamefunga vitu vingi vifuani, na wakati mwingine hicho kinachokutia aibu ndicho kimoja kati yavyo kinachojaribu kutoka. Baba yako alirekebisha kosa lake, nami nampenda kwa hilo. Lakini wimbo ulinyamaza tangu Ijumaa mpaka Jumamosi ile jioni, na hakuna anayejua nani alikuwa amewasha redio akiusubiri.

Mungu akukuze, mwanangu, akupe kifua cha kuwavumilia watu wako na masikio ya kuwasikia wangali wanaongea. Na mwanamke usiyemfahamu akipiga hodi akiulizia nyumba ya muuza mawese, mpe kiti kwanza, kisha ukamwite Babu.