Vidole vya Buluu Ukutani

Wachezaji walimwita Mama Ruka, na jina hilo lilimkaa kama gauni lililoshonwa kwa vipimo vyake. Kila aliyekatika kano ya goti, akapasuliwa, akauguzwa na kujifunza kutembea upya, safari yake iliishia katika chumba cha mazoezi nyuma ya zahanati. Palikuwa na mkeka wa mpira, vyuma vya kunyanyua, kiti kimoja kibovu na ukuta mweupe. Mgonjwa alipaka vidole chaki, akasimama kwa mguu mmoja, akaruka na kugusa ukuta kadiri alivyoweza kufika. Kisha mguu wa pili. Alama mbili zikilingana, Mama Ruka alisema, "Nenda kacheze." Zikipishana, hata angebembelezwa na waziri, alisema, "Rudi kwenye vyuma."

"Huyu mama ana roho ya chuma," walinung'unika.

"Heri roho ya chuma kuliko goti la karatasi," aliwajibu. Na aliyejikaza asionyeshe maumivu aliambiwa, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Aliipenda kazi yake hadi ikawa kero kwa wenzake. Wao wakitazama mpira, yeye alitazama magoti. "Bao!" walipiga kelele, yeye akauliza, "Mmeona alivyotua?"

Juu kabisa ya ukuta ule, karibu na dari, palikuwa na vidole vinne vya rangi ya buluu. Vilikuwa vya mtoto wa dada yake, golikipa aliyeitwa Paka. Siku moja milango ilipokuwa ikipakwa rangi, Paka, akiwa buheri wa afya, alichovya vidole ndani ya kopo, akaruka kwa mguu mmoja na kuubandika mkono ukutani.

"Mama mdogo, akitokea mwingine wa kufika pale, naacha mpira nishone viatu!"

Alimfukuza kwa fagio, lakini alama hakuifuta. Wagonjwa waliiona wakacheka.

Mwaka uliofuata Paka naye akakatika kano. Akapasuliwa, akalala, akainuka, akaja kupimwa. Aliruka kwa mguu wa kulia, akaruka kwa wa kushoto, na alama zikakaa sambamba kama macho ya mtu. Mama Ruka alimkumbatia kwa furaha. "Nenda kacheze, mwanangu."

Hakuinua macho. Lau angeyainua, angeona kwamba alama zote mbili zilikuwa chini mno ya vidole vya buluu. Kwa kulala muda mrefu, hata ule mguu usiopasuliwa ulikuwa umelegea. Alilinganisha mguu dhaifu na mguu dhaifu, akaona imelingana, akasema yote mizima.

Katika mechi ya pili Paka aliruka kudaka mpira wa kona. Alitua kwa yowe. Goti lile lile.

Jioni ile Mama Ruka alirudi chumbani, akautazama ukuta, akaelewa. Hata hivyo hakuna aliyemlaumu. "Ulifanya uwezalo, mdogo wangu," dada yake alimwambia. Paka alijilaumu mwenyewe. "Nilitua vibaya. Uzembe wangu." Mama Ruka alifungua kinywa, ulimi ukawa mzito, akakifunga. Tangu hapo alimpikia, alimfulia, alimsaidia mazoezi kila jioni. Dada yake aliwaringia majirani, "Mnamwona ndugu wa kweli?" Sifa zile zilimchoma kuliko matusi.

Siku ya kupimwa tena ikafika. Timu ilimhitaji Paka Jumamosi, maana golikipa wa akiba, kwa maneno ya Paka, alidaka mpira kama anayekimbiza kuku. Dada mtu alikaa nje kwenye benchi. Ndani, Paka aliruka kulia, akaruka kushoto.

"Sambamba!" alishangilia. "Sema neno, mama mdogo."

Safari hii Mama Ruka aliinua macho. "Tazama juu."

"Vile? Huo si ulikuwa utundu tu?"

"Ni vyako. Bado hujafika."

"Mbona mara ile hukunipima kwa hivyo? Miguu ilikuwa sawa, ukanipitisha."

Angeweza kumwambia kwamba taratibu zimebadilika. Uongo huo ulikuwa tayari, umekaa kwenye ncha ya ulimi. Akaumeza.

"Mara ile nilikosea. Miguu yako yote miwili ilikuwa dhaifu, nami sikuangalia. Hukutua vibaya, Paka. Hukupaswa kuwa uwanjani."

Paka aliketi kwenye kiti kibovu. Akajifuta chaki kwenye suruali, kidole kimoja kimoja.

"Kocha aliniita mzembe mbele ya watu," alisema. "Nikainamisha kichwa. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

Paka aliokota viatu vyake, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga.

Mlango wa mbele ukafunguka. "Vipi, amepita?" dada yake aliuliza huku akitabasamu, simu mkononi. "Kocha ananipigia kama mimi ndiye nitakayedaka!"

"Hajapita, dada." Mama Ruka alimsogezea kiti, akakishika mgongo kisiyumbe. "Kaa kwanza. Na mara ile pia hakupita."