Mpiga Picha Aliyejifunza Kutikisika

Kwa miaka ishirini na sita Eustache Ndihokubwayo aliishi kwa kuwaambia watu watulie. Studio yake iko Kicukiro, juu ya duka la vitambaa, na waliopita humo kwa picha za pasipoti, za mahafali na za harusi wanamkumbuka kwa neno hilo moja. Kazi alifunzwa Bujumbura alikokulia, na fundi aliyekuwa akimpiga kofi kila picha ilipotoka na ukungu. Alihamia Kigali akiwa na kamera mbili na imani moja: picha iliyotikisika ni picha iliyoharibika.

Ndiyo maana Arthur alimchagua. Arthur alikulia Kampala, anauza vipuri vya mashine za ujenzi, anakaa Nyarutarama, na mwaka huo alikuwa amenunua gari la mashindano la rangi ya buluu. Eustache ndiye aliyempiga picha za harusi, na katika picha mia sita hakuna hata unywele mmoja uliopotea. Akamwomba aje Bugesera, kwenye mashindano ya magari ya barabara za udongo, ampatie picha moja ya kutundika sebuleni.

Eustache hakuwahi kupiga kitu chenye mbio kuliko bibi harusi anayekimbia mvua. Akafanya alichokijua. Aliiweka kamera ifungue na kufunga jicho lake kwa sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde, mwendo ambao hata nzi angani hutoka na mabawa yake yote, akasimama kando ya barabara iliyonyooka, akangoja. Siku hiyo Arthur aliendesha kuliko siku zote za maisha yake. Alipita kwa kilomita mia na arobaini kwa saa, na kipande hicho cha barabara akakishinda mbele ya magari yote.

Picha ilitoka safi kabisa. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelaza vumbi, mbingu imetulia, miti imetulia, na herufi zilizoandikwa kwenye matairi zilisomeka moja moja. Arthur akaitazama muda mrefu kwenye kompyuta ya studio.

"Mzee Eustache," akasema kwa upole, "hii gari iko parking."

Eustache akamwonyesha herufi za matairi. Arthur akajibu kwamba ameziona, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu tairi linalosomeka ni tairi lililoko dukani. Hakukasirika. Alimshukuru, akaaga vizuri, na hilo likamuuma Eustache kuliko makofi yote ya Bujumbura.

Jioni alimpigia simu Révérien, rafiki yake anayepiga picha za mbio za baiskeli. Révérien akamwambia apunguze mwendo wa kamera hadi sehemu moja ya sitini ya sekunde, halafu alifuate gari kwa kuzungusha kiuno, kamera na gari viende pamoja. Gari litabaki mahali pake na dunia ndiyo itakayokimbia. Eustache alidhani anataniwa. Kwa sitini hata watoto wachanga hakuwapiga. Lakini alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kitu alichokuwa amekidharau maisha yake yote kilikuwa kimemshinda, kwa hiyo hakulala vizuri.

Akaanza mazoezi kwenye mteremko wa Kibagabaga, akiwalenga wenye pikipiki za abiria. Siku ya kwanza picha zote zilitoka nyeupe kama karatasi: jicho lililokaa wazi muda mrefu vile linakunywa jua lote, na alikuwa amesahau kulibana tundu la lenzi. Siku ya pili alilibana, lakini pikipiki nazo ziligoma kukimbia. Madereva walimwona mtu mzima amesimama kando ya barabara na lenzi ndefu, wakaamini ni aina mpya ya Sofia, zile kamera za barabarani zinazonasa wenye haraka. Kila aliyemkaribia alishika breki, akarekebisha kofia, akapita kwa adabu ya mtu anayeingia kanisani.

Baada ya wiki moja kiongozi wa mtaa, Bi Gahongayire, alimfuata ili kumshukuru. Alisema tangu aanze kusimama pale hakuna mtoto aliyekoswakoswa na pikipiki, na kama ana nafasi aje pia saa ya shule kutoka. Eustache hakumwambia kwamba yeye alikuwa akiwaombea madereva wakimbie. Akakubali, akaja.

Kwa hiyo alijifunzia kwenye vitu vinavyotambaa. Akashusha kamera hadi thelathini, kisha ishirini, mpaka pikipiki iliyokwenda kama baiskeli ikatoka kama inakimbia moto. Nyumbani alifanya mazoezi ya kiuno mbele ya kabati, viwiko vimebana mbavu, miguu imeelekea kule gari litakakotokomea.

"Baba Shimwa, ni mgongo?" mkewe Joselyne akamwuliza.

Akamjibu kwamba ni kazi. Joselyne alimchemshia maji ya moto hata hivyo.

Mashindano yaliporudi Bugesera, kulikuwa na jua kali na vumbi. Arthur alianza vizuri, kisha giaboksi ikakwama kwenye gia ya pili, akabaki akijikokota kwa kilomita arobaini kwa saa huku magari mengine yakimpita. Eustache alilisikia gari kabla ya kuliona, likilia kama mashine ya kusaga. Watazamaji waliokuwa karibu naye walishusha simu zao. Yeye alishusha kamera hadi ishirini, akabana tundu la lenzi, akalishika gari tangu mbali, akageuka nalo, akabonyeza taratibu na kuendelea kugeuka hata lilipokwisha kupita. Mwili ulimlegea kwa raha ambayo angeona aibu kumsimulia mtu.

Picha arobaini na moja. Arobaini zilikuwa za kutupa. Moja ilikuwa na mlango na namba vikali kama wembe, magurudumu yamekuwa duara za fedha, na mikaratusi ya nyuma imevutwa kuwa mistari ya kijani.

Arthur alimaliza wa mwisho. Alikuja studio na Mukunde, mwanasheria anayekaa pembeni yake garini na kumsomea kona. Arthur alipoiona picha akasema, "Hapa nilikuwa naruka."

"Hapa tulikuwa gia ya pili," Mukunde akasema. "Kuna mtu wa baiskeli alitupungia mkono."

Arthur akasema picha haiwezi kudanganya. Wote wawili wakamgeukia Eustache, ambaye kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewaambia wateja maneno hayohayo.

"Picha iko nzuri," akasema, akainama kutafuta bahasha.

Sasa imetundikwa Nyarutarama, upana wa mita moja na nusu, na wageni huambiwa mwendo unaoongezeka kila mwaka. Mara ya mwisho ulikuwa mia na themanini. Arthur aliuza gari muda mfupi baadaye, maana hakuwa na la kuthibitisha tena, akahamia gofu. Eustache huenda Bugesera kila msimu, hata asipoitwa na mtu. Mwezi uliopita Arthur alimpigia simu akitaka picha yake akipiga mpira wa gofu, yenye mwendo. Eustache alimwuliza mpira utakwenda upande gani, maana huko ndiko ataelekeza miguu. Arthur alikiri kwamba hilo bado hajalijua.