Chai ya Tumbo Siku ya Posa Yangu

Siku ya posa yangu nilijinyea mbele ya wakwe.

Ndiyo, umesoma sawa. Suruali mpya ya kijivu, imepigwa pasi na mama yangu, ukumbi umejaa watu wanakula samaki.

Na hicho ndicho kilichokuwa kipande chepesi cha mkasa huu.

Naitwa Qiao Shunde. Nachomelea mageti hapa Bozhou. Mji wetu unanuka dawa. Ukipita sokoni asubuhi ni magunia ya mizizi, maganda na maua makavu, unarudi nyumbani unanuka kama sufuria ya mgonjwa. Huku mtu akivimbiwa hakimbilii hospitali. Anakwenda kwa mtu wake wa mitishamba.

Mtaani kwetu mtu wa tumbo alikuwa Mzee Ruan.

Gesi? Mzee Ruan. Mtoto anatapika? Mzee Ruan. Umekula nyama ya mafuta mpaka huwezi kuinama ufunge viatu? Anakushika mkono, anasikiliza mapigo, anakwambia toa ulimi, halafu anacheka: "Wewe jana ulialikwa harusi."

Mke wake alishafariki. Alibaki na binti mmoja, Suyin.

Suyin alikuwa mzuri, bwana. Uzuri wa kukufanya uchomelee kidole chako mwenyewe. Kila nikipita pale dukani tumbo langu linaanza kuuma ghafla. Nilikunywa chai za maganda ya machungwa mpaka mama akaniuliza kama nina minyoo.

Mshenga akaenda. Mzee Ruan akakubali palepale, tena kwa furaha. Suyin akainamisha kichwa, hakusema kitu.

Sisi tukasema ni haya za kike.

Siku ya posa tulikwenda ukoo mzima. Mjomba wangu Geng alikuwa ameshalewa pombe ya mtama kabla hata ya kukaa.

Mzee Ruan akaleta birika la chai mwenyewe.

"Hii ni ya kuandaa tumbo," akasema. "Leo nyama ni nyingi. Sitaki mkwe wangu avimbiwe nyumbani kwangu, nitachekwa mji mzima."

Watu wakacheka. Ilikuwa chai ya maganda ya machungwa, tangawizi, na yale matunda madogo mekundu yenye uchachu tunayoyakausha kuwa dawa ya kuvimbiwa. Wengine wakamiminiwa mezani. Kikombe changu Suyin akakipeleka jikoni kukiongezea sukari, akanirudishia kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.

Nikaonja. Ikaniwasha koo vibaya. Nikadhani tangawizi imezidi.

"Maliza, kaka Shunde," akaninong'oneza.

Nikamaliza. Siku ile angenipa hata maji ya betri ningemaliza.

Samaki alipofika mezani, tumbo likanguruma. Nikajikaza. Likanguruma tena, nikasikia kama mtu ananikamua utumbo kwa mikono, kama anavyokamua nguo.

Nikataka kutoka. Mjomba Geng akanidaka bega.

"Unakwenda wapi? Simama hapa uwaambie wakwe neno!"

"Mjomba, niachie kidogo..."

"Mwanaume mzima unaona aibu? Simama!"

Nikasimama.

Basi.

Suruali ya kijivu ikalowa. Halafu jamaa mmoja wa upande wao akapaza sauti: "Mkwe kafurahi mpaka kafunguka!"

Ukumbi ukalipuka. Watoto wakaziba pua. Shangazi yake Suyin akavuta sahani ya samaki mbali na mimi. Mtu akatoa simu akaanza kurekodi.

Wakacheka mpaka walipoona damu.

Hapo nikaanguka. Yaliyofuata nilihadithiwa na mama.

Mzee Ruan alichukua kikombe changu, akakinusa. Akachovya kidole, akagusisha ulimi, akatema. Uso ukamwisha rangi. Akageuka akatazama mlango wa jikoni. Suyin alikuwa amesimama pale.

Halafu mzee akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia: "Nimekosea droo. Ni mimi. Nimeweka badou."

Badou ni kijimbegu kidogo tu. Kikitayarishwa na anayejua, kinafungua tumbo lililoziba kabisa. Kikiingia kibichi, kinakukamua mpaka roho. Mzee alikuwa nacho kwenye droo ya kufuli.

Mjomba Geng akamkunja shati. "Umemlisha sumu mtoto wetu? Haya, kunywa na wewe!"

Akamtia mdomo wa birika kinywani. Mzee hakubisha hata kidogo. Akanywa chai yote iliyobaki, mbele ya watu, nyingine ikimwagikia kifuani. Suyin akatazama.

Mimi nikakimbizwa hospitali.

Nilikaa huko muda mrefu. Nilitoka nimebaki mifupa. Ile video ilinitangulia mtaani, wateja wa mageti wakanibatiza Mkwe Mfunguko. Mzee Ruan alifungwa kwa uzembe, akanyang'anywa kibali cha kutibu. Watu aliowatibia watoto wao wakalitupia duka lake mayai viza. Mjomba Geng akang'oa kibao cha mlangoni akakipasulia kuni.

Suyin akahamia Hefei. Sikumlaumu. Nilimhurumia, unaamini? Nilisema maskini, baba yake kamharibia maisha.

Mzee alipotoka jela akapanga chumba nyuma ya ghala. Siku hiyohiyo alikuja kwetu na kibakuli. Uji wa mchele, na viazi vya dawa, na tende nyekundu.

"Mama Shunde, siruhusiwi kutoa dawa," akasema. "Huu ni uji tu. Utamtuliza tumbo."

Mama akakipokea vizuri, akamwagia usoni.

"Tumbo la mwanangu umeliua, sasa unataka kulizika?"

Mzee akafuta uji machoni. Akaokota kibakuli. Kesho yake akaja tena, mama akamwachia mbwa. Akaja tena.

Nilikuwa nimechoka na vidonge. Kila nikila, natapika. Nikamfuata mwenyewe chumbani kwake, nikala ule uji kimya, nikimchukia kila kijiko. Ulikaa tumboni. Nikarudi kesho yake, na siku nyingine nyingi.

Mara nyingi nilimuuliza, "Mzee, ilikuwaje ukakosea?"

"Uzee," anajibu. "Kula, usiongee."

Siku moja mchana nikiwa pale, mlango ukasukumwa. Suyin. Viatu virefu, miwani ya jua, na mwanaume ndani ya gari nje.

Hakunisalimia. Hakumsalimia hata baba yake.

"Baba, naomba funguo za duka. Mnunuzi anasubiri."

Mzee akaanza kupapasa chini ya godoro. Mkono mmoja kashika tumbo. Alikuwa ameshaanza kuumwa, nadhani, lakini alikuwa hasemi.

Nikashindwa kuvumilia. "Suyin, hata pole? Baba yako amekosea mara moja tu, tena alikunywa birika zima mbele ya watu..."

Nikakwama.

Alikunywa birika zima. Hakuharisha. Hakutapika. Na wageni wote waliokunywa kwenye birika lile, hakuna hata mmoja aliyeumwa tumbo.

Nikamtazama Suyin. Akavua miwani.

"Kumbe ndiyo kwanza unashtuka?" akasema. "Na wewe mzito, Shunde. Baba unaweza kumfunga kitambaa machoni, akakuchagulia mizizi yote dukani kwa pua. Akosee droo?"

"Suyin, nyamaza," mzee akasema.

"Ninyamaze nini? Nilikwambia simtaki, ukasema kijana ana adabu. Nilikwambia nina mtu wangu, ukasema atasahaulika. Nilitaka aaibike tu, aondoke. Nilipofungua droo yako sikupima vizuri. Kwani mimi ndiye mganga?"

Nilisimama nikapindua kibakuli. Nikasema nakwenda polisi sasa hivi.

Mzee Ruan akapiga magoti. Mzee wa umri ule, kwenye sakafu ya saruji, akashika suruali yangu.

"Nenda, mwanangu. Ila nitawaambia tena ni mimi. Mimi ndiye niliyemlazimisha. Mimi ndiye niliyepika chai."

Suyin akamruka miguu, akazichomoa funguo chini ya godoro, akatoka. Nikasikia gari linaondoka.

Sikwenda polisi. Ningekwenda kumfunga nani?

Mzee hakuumaliza mwaka. Saratani ya tumbo. Mwanaume aliyetuliza matumbo ya mtaa mzima akafa anatapika maji matupu. Mama ndiye aliyekuwa akimsafisha na kumlisha uji, analia, anamwomba msamaha, na mzee anamwambia, "Uji wako una chumvi nyingi."

Suyin nilimpigia simu tangu mzee alipolazwa. Hakupokea. Kwenye mazishi mimi ndiye niliyebeba picha ya mzee mbele ya jeneza, kazi ya mtoto wa kuzaa.

Baada ya mazishi, simu ikaita. Yeye.

"Nasikia baba kafariki."

"Ndiyo."

Nikasikia akivuta pumzi puani. Nikadhani analia.

"Kabla hajafa, aliandikisha chochote polisi? Kuhusu ile chai?"

"Hapana," nikasema. "Alikuwa anaita jina lako tu."

"Sawa," akasema. "Afadhali."

Akakata.

Ndugu yangu unayesoma, kama una binti na amekwambia simtaki huyu, msikilize siku hiyohiyo. Na wewe kijana unayeposa, mtu akiinamisha kichwa hajasema ndiyo. Muulize yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla hujapokea kikombe.

Mimi sikumuuliza. Nilikuwa nimeshanunua suruali.