Uso wa Augustino Kwenye Njia ya Msalaba

Mvua za mwaka juzi ziliingia kwenye kanisa la kigango chetu, huku Namswea, zikaharibu picha zote kumi na nne za Njia ya Msalaba, zile za karatasi. Mwenyekiti wa kigango, mzee Bernadi, akasema hatununui nyingine, tutachora wenyewe ukutani. Akazigawa kwa jumuiya kama anavyogawa vipande vya kulima barabara: kila jumuiya na kipande chake, na mtu asihangaike na cha mwenzake.

Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu ni ya watu waliokimbia vita Msumbiji, kusini kwenye ufuko wa ziwa letu hilihili, pamoja na vibarua wa kahawa waliokuja baadaye wakaoa huku. Sisi huwaita wakuja, ila si mbele yao. Walipewa kituo cha tisa, Yesu anaanguka mara ya tatu, kwa maelezo kwamba kuanguka hakuhitaji ufundi.

Aliyeshika brashi alikuwa Edina, Mama Augustino. Mama huyu alikuja kwa mtumbwi akifuata ufuko wa ziwa, mtoto mgongoni, akashukia Mbamba Bay, kisha akapandisha milima kufuata kazi ya kuchuma kahawa. Mashimo yake ya ngolo, yale tunayochimba mashambani kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, ni mazuri kuliko ya wengi wetu Wamatengo wenyeji, mimi nikiwamo, na Kimatengo anakijua hadi anagombana nacho. Bado akikosea kidogo tunasema ndivyo walivyo wale. Mwanawe Augustino alikua akawa kijana mwenye mwanya, na sikio moja limechanika kidogo kwa juu. Siku moja akarudi Msumbiji kuwatafuta ndugu za baba yake, na hakurudi. Ilikuwa kabla simu za kupiga picha hazijafika kwetu. Mama hana picha yake hata moja. Jambo hilo linamuuma, na hafichi.

Kazi ilipokwisha tulisimama katikati ya kanisa tukatazama. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba Yesu wa kituo cha kwanza ndiye huyohuyo anayetembea mpaka cha mwisho. Kwenye cha kwanza alikuwa na kipara, maana jumuiya ya mwenyekiti ilimchora mwenyekiti. Kwenye cha tatu alikuwa mfupi, mnene. Kwenye cha sita alivaa miwani, kwa kuwa jumuiya ile ina mwalimu mkuu. Na kwenye cha tisa, chini ya msalaba, alikuwa Augustino mtupu, mwanya na sikio. Waliochuma naye kahawa walimtambua papo hapo. Mimi nilishikwa na kilio, nikajifanya natafuta leso.

Bernadi akamwita Wilfred, fundi wa mabango wa Mbinga mjini, anayechora vichwa kwenye vibanda vya vinyozi na ng'ombe kwenye mabucha, aje atuwekee Yesu mmoja. Alifika kwa bodaboda, ndoo ya rangi katikati ya miguu. Mama Augustino akaenda akakaa chini ya picha yake na ungo wa maharage, akaanza kuchambua.

"Shikamoo, mama," Wilfred akasema. "Naomba unipishe kidogo."

"Marahaba. Anza na wengine."

Bernadi akaingilia kati. "Mama Augustino, Yesu ni mmoja."

"Najua, mwenyekiti. Na wangu ni mmoja."

Bernadi si mtu mbaya, ni mwenyekiti tu. Akapendekeza Wilfred amchore Augustino kwenye ubao, mama akamtundike nyumbani kwake, mambo yaishe.

"Nyumbani nitamwona mimi, na mimi namjua," mama akajibu. "Msimu wa kahawa wanakuja vibarua kutoka kule, Jumapili wanasali hapa. Labda mmoja atamwona, atasema yuko wapi."

Tulidhani anaomboleza, kumbe anatafuta mtu. Kanisa zima lilisikia maharage yakidondoka kwenye ungo.

"Kama anatafutwa, atafutwe vizuri," Bernadi akasema hatimaye. "Wilfred, wote wawe huyu."

Wilfred akauliza kama amwongezee umri, maana miaka imepita. Mama akafikiri, akasema mvi kidogo, asizidishe. Walikwenda salama mpaka kituo cha kumi na moja. Kwenye cha kumi na mbili, Yesu anakufa msalabani, mama akainuka akaizuia brashi kwa mkono.

"Hapa asifike. Hajafa."

Tukakwama. Njia ya Msalaba bila mtu kufa haiendi. Mzee Bernadi akavua kofia, akapapasa kipara chake.

"Kuanzia hapo nichoreni mimi," akasema.

Basi Ijumaa Kuu ile Augustino ndiye aliyehukumiwa, akaanguka, akapigiliwa misumari, na mwenyekiti wetu ndiye aliyekufa na kuzikwa. Padre aliuliza kwa nini Bwana anazeeka ghafla akiwa msalabani. Bernadi akamjibu kwamba ni mateso.

Kahawa ikaiva, vibarua wakaja. Jumapili ya kwanza, misa haijaanza, Mama Augustino alikuwa amekwisha kusimama kwenye kituo cha tisa, akimsalimia kila mgeni kwa Kinyasa, lugha ya kwao, na kumwonesha ukuta. Wengi walitikisa kichwa wakaenda kukaa. Mwanamume mmoja wa makamo, umri kama wa Augustino, alitazama kwa muda mrefu. Akasogea, akaligusa lile sikio kwa kidole.

"Huyu namfahamu," akasema.

Kwaya ikaacha mazoezi. Mama akaegemea ukuta.

"Unamfahamu?"

"Namfahamu, mama. Si ni Yesu?"

Hakuna aliyecheka. Mama Augustino alimshika mkono mgeni yule, akamvuta karibu zaidi.

"Ndiye, mwanangu," akasema. "Mtazame tena."