Nani Anampiga Mama Yangu?

Jamani, ukigundua mama yako anapigwa ndani ya nyumba yako mwenyewe, utafanya nini?

Mimi hakuna aliyeniambia. Niliona kwa macho yangu.

Naitwa Annick. Nauza vitenge Kabuga, nakaa Batsinda na mama yangu, Xavérine. Ana miaka sabini na sita, na kwa usafi humuwezi.

Asubuhi moja kitenge kikamteleza. Mkono wa kulia, kuanzia begani hadi kwenye kiwiko, ulikuwa na madoa ya zambarau, damu imevilia chini ya ngozi. Wa kushoto, safi kabisa.

"Mama, nini hiki?"

"Nilijigonga kwa mlango. Reka, achana nayo."

Mlango gani huo unachagua mkono mmoja kila siku? Kichwani nilikuwa na jina moja tu. Iteka.

Iteka alikuwa binti wetu wa kazi, Mrundi, mpole kupita kiasi. Mimi watu wapole kupita kiasi siwaamini, ndivyo nilivyo. Halafu nikiingia tu chumbani kwa mama, maongezi yanakatika. Mama anaficha mkono, Iteka anaangalia chini.

Nikaanza uaskari. Chai nakunywa, jicho liko kwake.

Siku moja nikafunga duka mapema, nikarudi mchana bila kupiga simu. Kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti ya mama.

"Polepole! Unaniumiza!"

Nikasukuma mlango. Iteka kamshika mama mkono, ngozi imechanika, damu inatoka.

"Kumbe ni wewe!"

"Dada, mimi sikumupiga. Uliza mama mwenyewe."

Nikamgeukia mama. Mama akaangalia ukuta.

Kwangu huo ulikuwa ushahidi tosha, nikajua anamwogopa. Nilimwita yule binti mnyama, nikamtoa nje na begi lake.

Usiku ule nililala fofofo.

Wiki iliyofuata namsaidia mama kuvaa, nikaona doa jipya. Kubwa kuliko yote.

Na nyumbani tulikuwa wawili tu.

Sasa nimshuku nani, mimi mwenyewe? Tukaenda kituo cha afya. Muuguzi akaigusa ile ngozi taratibu.

"Mukecuru, bibi yangu, hapa unapaka nini?"

"Amavuta y'inka." Samli ya ng'ombe, tunajipaka tangu utoto.

"Peke yake?"

Mama akaanza kulia.

"Harusi ya Arnaud iko karibu," akasema. Arnaud ni mwanangu wa kwanza. "Nitavaa mushanana, vazi letu la sherehe, hili bega litakuwa wazi mbele ya wakwe. Nimejaa madoa ya uzee. Nilitaka mukono huu tu ung'ae."

Mkorogo, krimu ya kujichubua! Ni marufuku, mama ananunua kwa siri, anauchanganya kwenye kopo la samli. Miezi kibao. Iteka aliapishwa asiseme. Siku ile ngozi ilichanika kwa taulo tu, naye alikuwa anafunga kidonda.

"Ngozi ya uzeeni yenyewe ni nyembamba," muuguzi akasema. "Hiyo dawa imeimaliza, ikiguswa kidogo tu inavilia damu. Leteni hilo kopo, daktari aone namna ya kumwachisha. Aoge maji ya vuguvugu, asijisugue, apakwe mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu."

Nilimkasirikia mama, sitadanganya. Aliangalia ukuta huku mtoto wa watu anafukuzwa!

Mama mwenyewe akampigia Iteka simu, alikuwa kwa shangazi yake Kimisagara. Akaja. Mama akaomba msamaha, wakakumbatiana, wakalia, kisha Iteka akaanza kumpaka mafuta.

Nami nikajikohoza. "Iteka, rudi kazini. Tuyasahau."

Akamalizia kumpaka mama mafuta, akafuta mikono.

"Mama nimemusamehe, yeye aliona haya. Wewe dada uliniita munyama mbele yake. Kazi hapana."

Akaondoka.

Wenye wazazi wazee, mkiona alama kwenye ngozi zao, ulizeni wanapaka nini na muwapeleke wakaonwe, kabla hamjamhukumu mtu.

Siku hizi mimi ndiye ninayempaka mama mafuta. Kila asubuhi ananiambia mkono wangu mzito, Iteka alikuwa mwepesi.