Nyumba ya Bolti Kando ya Nyamwamba

Mto Nyamwamba ulipochukua nyumba ya kwanza ya mama mkubwa, dada wa mama yangu, alibaki na kiwanja kilekile kando ya maji. Alikuwa mjane na hakuwa na kingine. Kaka yake wa Karusandara alimwahidi ardhi, ila kila mwaka alisema bado kidogo. Wakati huo nilikuwa najifunza useremala Bwera, kwa fundi aliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka. Nikamchorea mama mkubwa nyumba ya kuhama: kuta nne za mbao za mikaratusi, kila moja na fremu yake, zinashikana kwenye pembe kwa bolti. Maji yakija, watu sita wangeifungua kabla ya chakula cha mchana na kuipeleka Karusandara.

Fundi alifuata mchoro kwa kidole, bolti kwa bolti.

"Hii iko muzuri," alisema. "Lakini uambie watu. Mutu akiona mbao, anatafuta musumari."

Sikuwaambia. Siku ya kuisimamisha, majirani wa kanisani walikuja kama ilivyo kwetu, kila mtu na misumari yake mfukoni, maana hakuna anayekwenda kuinua nyumba ya mjane mikono mitupu.

"Bolti?" mzee mmoja alicheka. "Hata kitanda changu hakina bolti, na nimezaa watoto tisa."

Wakaanza kugonga misumari ya inchi sita kwenye pembe, kando ya bolti zangu. Nilisimama na spana, nisithubutu kuwakataza. Walikuwa wanatoa zawadi, na mama mkubwa alikuwa anawapikia. Waliacha pembe mbili za nyuma tu, kwa sababu upande wa mto hapakuwa na pa kukanyaga.

Mvua za mwaka uliofuata zilinyesha milimani siku tatu. Asubuhi maji yalikuwa mekundu, na mawe yaligongana chini yake. Majirani walewale walikuja mbio. Nilifungua bolti zote kwa spana, zikatoka vizuri, lakini pembe za mbele zenye misumari hazikuachana. Mikaratusi ile tuliipigilia ikiwa mbichi. Sasa ilikuwa imekauka na kuushika msumari kama ufizi unavyoshika jino. Tulitia mtaimbo, tukapasua mbao bure. Tuliokoa mabati na ukuta wa nyuma, mzima na dirisha lake, tukavibeba hadi barabarani. Tuliporudi, maji yalikuwa yamefika mlangoni. Kuta tatu zilizobaki ziliinama, kisha zikaondoka na mto zikiwa bado zimeshikana.

Mzee wa kitanda alinigeukia, analia.

"Kumbe ilikuwa ya kufunguliwa? Mbona mutoto hakusema?"

Wote wakanitazama. Nilijaribu. Nikainua spana niwaonyeshe.

"Muacheni," mama mkubwa alisema. "Huyu hajui kusema mbele ya watu."

Alikuwa ananitetea. Alikaa kwenye mabati yake kando ya barabara, akauliza nani angempa pa kulala. Mimi nilikuwa bado natafuta neno la kwanza.